Sura ya Tano: Kati ya Kujua na Kutenda

Kwa miaka mingi swali kuu la afya ya msingi katika Afrika Mashariki lilikuwa umbali. Zahanati iko wapi, mjamzito atafikaje, nani atalipa nauli. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilitangaza huduma ya msingi kuwa njia ya kufikia afya kwa wote, na Tanzania, iliyokuwa imeshaanza kusogeza zahanati vijijini baada ya Azimio la Arusha, haikuhitaji kushawishiwa. Juhudi hizo zimezaa matunda yanayopimika. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa asilimia 63 ya watoto wa Tanzania walizaliwa katika vituo vya kutolea huduma. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 81. Kati ya tafiti hizo mbili, makadirio ya vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Ni mafanikio ambayo hata mkosoaji mkali wa serikali hana budi kuyakubali. Lakini mafanikio hayo yamezaa swali jipya. Mama akishafika, usalama wake uko mikononi mwa atakayempokea. Zamani tuliuliza kama atafika; sasa hatuna budi kuuliza atakuta nini.

Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Mwaka 2018 watafiti waliofanya kazi pamoja na tume ya jarida la Lancet kuhusu ubora wa mifumo ya afya walikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu milioni 8.6 hivi hufa kila mwaka kwa maradhi ambayo tiba yake inajulikana. Kati yao milioni 3.6 hawakuipata huduma. Waliobaki, takriban milioni 5, waliipata, ila huduma yenyewe ilikuwa duni. Wanaouawa na huduma mbovu, basi, ni wengi kuliko wanaouawa na kukosa huduma. Mwaka uliofuata Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliitenga tarehe 17 Septemba kuwa siku ya usalama wa mgonjwa, na jambo lililokuwa likijadiliwa zaidi katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani likawa deni la kila nchi. Katika sura hii nitatetea hoja moja: kwa sehemu kubwa, mgonjwa wa Afrika Mashariki hadhuriki kwa sababu muuguzi hajui la kufanya. Hudhurika katika nafasi iliyopo kati ya muuguzi anachokijua na anachokitenda, na nafasi hiyo haizibwi na cheti wala adhabu. Huzibwa na mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, yanayofanyika palepale kazini.

Mgonjwa anapodhurika, maelezo mawili hutangulia. La kwanza ni uzembe: muuguzi hajali, achukuliwe hatua. La pili ni kutojua: muuguzi hakufundishwa vya kutosha, apelekwe semina. Maelezo haya huonekana kupingana, lakini mzizi wake ni mmoja. Yote mawili yanamtazama mtumishi peke yake, ama moyo wake ama kichwa chake, na yote mawili yanachukulia kwamba mtu mwenye nia njema anayejua la kufanya atalifanya. Mkoani Arusha, watafiti Kenneth Leonard na Melkiory Masatu waliipima dhana hiyo. Waliwapa watabibu visa vya wagonjwa wa kubuni ili kuona wanajua nini, kisha wakakaa nao chumbani kuona wanawahudumiaje wagonjwa wa kweli. Watabibu walijua zaidi ya walivyotenda: maswali waliyoyakumbuka vizuri mbele ya mgonjwa wa kubuni hawakuyauliza kwa mgonjwa aliyeketi mbele yao. Katika uchunguzi mwingine walilinganisha maelezo ya wagonjwa waliohudumiwa kabla mtafiti hajaingia chumbani na ya wale waliohudumiwa akiwa amekaa hapo. Mtafiti alipoingia, ubora ulipanda mara moja. Baada ya wagonjwa kumi hadi kumi na tano hivi, ukarudi ulikokuwa. Matokeo hayo yanawatia dosari wote wawili, anayedai kutojua na anayedai uzembe. Ujuzi ulikuwepo, na hata juhudi ilipatikana ilipoitwa. Kilichokosekana ni kitu cha kuifanya juhudi hiyo iwe desturi.

Desturi hujengwaje? Uchunguzi uliofanywa katika vituo 106 vya huduma ya msingi nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2017 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, unatupa fununu. Watafiti walitazama jinsi watumishi wanavyozuia maambukizi. Usalama wa sindano na wa uchukuaji wa damu ulizingatiwa kwa asilimia 87 hivi. Kunawa mikono pale inapotakiwa kulizingatiwa kwa asilimia 2 hivi. Hao ni watumishi wale wale, katika vyumba vile vile. Hatuwezi kusema kwamba muuguzi anayejali anapodunga sindano hugeuka asiyejali anapohitaji kunawa. Maelezo yaliyo karibu zaidi na akili ni kwamba sindano imezungukwa na mpango mzima: huja mpya ndani ya pakiti, hutumika mara moja tu, kisanduku cha kuitupia kipo mezani, na miongo ya kampeni dhidi ya virusi vya UKIMWI imemzoesha kila mtumishi, na kila mgonjwa, kudai sindano mpya. Kunawa hakuna mlinzi kama huyo. Kunahitaji maji yanayotoka, sabuni, sinki lililo karibu, na kurudiwa mara nyingi kwa siku bila yeyote kuuliza. Mahali ambapo mazingira na mazoea vimeshikana, binadamu wa kawaida hutenda vyema bila kuwa shujaa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko Mbulu, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wakunga wa hapo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumchochea, na akiwa bado hajapumua, kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza, ile ambayo wakunga huiita dakika ya dhahabu. Watafiti walirudi miezi kadhaa baadaye. Mbele ya mdoli wa mafunzo, wakunga walifanya vizuri kuliko mwanzo. Mbele ya mtoto wa kweli, ndani ya leba, hali haikuwa imebadilika. Hospitali nyingi zingeishia hapo na kuandika katika ripoti kwamba watumishi wamefundishwa. Haydom ilifanya jambo jingine. Mdoli uliwekwa palepale leba, na wakunga wakawa wanafanya mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila juma, pamoja na marudio marefu kidogo kila mwezi yaliyoongozwa na wenzao wa hapohapo. Katika mwaka uliofuata, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vizazi 1,000. Mtaala haukubadilika, wala vifaa vipya vya bei kubwa havikuletwa. Kilichobadilika ni idadi ya mara ambazo mikono ile ilikuwa imefanya kazi ile kabla ya kuhitajika.

Hospitali moja inaweza kuwa na bahati, uongozi mzuri au wafadhili wa pekee. Ndiyo maana jaribio lililofuata lina uzito. Kati ya mwaka 2021 na 2023 njia hiyo ilipanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa mitano ya Tanzania: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mazoezi kazini yaliunganishwa na vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo ya mtoto, na pia na matumizi ya takwimu za kila kituo kuamua wiki hii wafanye zoezi gani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, na yalihusu jozi za mama na mtoto zinazokaribia laki tatu. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Vifo vya akina mama navyo vilishuka sana, jambo linaloeleweka kwa sababu mazoezi yale yale yaligusa pia kutokwa na damu baada ya kujifungua, dharura ambayo humwacha mkunga na dakika chache za kuamua.

Tusidhani kwamba hili ni suala la leba pekee. Mashariki mwa Rwanda, kuanzia mwaka 2010, wauguzi wazoefu walipewa kazi ya kuvitembelea vituo vya afya vya vijijini na kukaa bega kwa bega na wenzao wanaowaona watoto wagonjwa, wakiwarekebisha papo hapo na kuzungumza na kituo kizima kuhusu kasoro za utaratibu. Katika vituo 21 vilivyofuatiliwa, watoto waliotambuliwa ugonjwa wao kwa usahihi waliongezeka kutoka asilimia 56 hadi zaidi ya 91. Mapitio mapana zaidi, yaliyokusanya mamia ya tafiti kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati na kuchapishwa mwaka 2018, yanaelekea huko huko. Kumpa mtumishi mwongozo uliochapishwa na kumwacha huleta mabadiliko ya asilimia moja hivi tu. Mafunzo peke yake huleta nyongeza ya takriban asilimia 10. Mafunzo yakiambatana na usimamizi, nyongeza hukaribia 18, na pale watumishi wanapokaa pamoja kutatua tatizo la kituo chao huweza kuwa kubwa zaidi. Tukiziangalia bajeti zetu kwa jicho hilo, tunaona kwamba fedha nyingi huelekezwa mahali penye faida ndogo: kuchapa miongozo, kukodi kumbi, kulipa posho za semina. Na kila semina ya mjini humtoa mtumishi katika zahanati ambayo pengine ina wawili tu.

Je, hoja hii inaidharau elimu ya chuoni? La. Utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014, uliwafuatilia wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000 katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya. Kila nyongeza ya asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada iliambatana na kupungua kwa asilimia 7 kwa uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Elimu ya msingi yenye kina humwezesha muuguzi kuona hatari kabla haijawa dharura: kupumua kunakobadilika, mkojo unaopungua, shinikizo la damu linaloshuka taratibu. Mazoezi hayawezi kupandwa penye akili tupu. Kasoro ya vyuo vyetu ni kuiona siku ya mahafali kuwa mwisho wa safari. Mwanafunzi wa stashahada husoma kwa miaka mitatu, hufaulu mtihani, husajiliwa na baraza la taaluma, kisha hupangiwa zahanati ambako mtoto asiyepumua anaweza kumjia mara chache tu kwa mwaka. Dharura isiyotokea mara kwa mara ndiyo husahaulika kwanza, na ndiyo inayohitaji kukumbukwa upesi kuliko zote. Kwa hiyo muuguzi wa zahanati anahitaji mazoezi zaidi ya mwenzake wa hospitali ya rufaa, lakini mpangilio wetu humpa machache zaidi.

Kuna mapingamizi manne yanayostahili kujibiwa. La kwanza husema kwamba huenda kilichofanya kazi si mazoezi bali macho ya watafiti. Si tuliona Arusha jinsi mtu anavyobadilika akitazamwa? Ni swali zuri, na jibu lake limo katika ushahidi wenyewe. Arusha, athari ya kutazamwa iliisha kabla ya siku ya kazi kwisha. Haydom, mabadiliko yalidumu mwaka mzima, na waangalizi walikuwepo leba kabla ya mazoezi ya kila juma na baada yake pia. Kama macho pekee yangetosha, vifo vingepungua tangu mwanzo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Wengine husema kwamba tayari tumejaribu kurekebisha utendaji na vifo havikupungua. Mfano wao mkubwa ni jimbo la Uttar Pradesh nchini India, ambako vituo 120 vilihusishwa katika jaribio la orodha ya ukaguzi wa uzazi salama ikisindikizwa na makocha. Katika vituo vilivyofundishwa wakunga walitekeleza hatua nyingi zaidi, asilimia 73 dhidi ya 42 miezi miwili baada ya kuanza, lakini vifo na madhara makubwa kwa mama na mtoto vilibaki vile vile. Orodha ya upasuaji nayo ina historia yenye pande mbili. Mwaka 2009 hospitali nane za miji minane duniani, mmojawapo Ifakara, zilionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 baada ya kuitumia; utafiti uliochapishwa miaka mitano baadaye, kuhusu hospitali 101 za jimbo la Ontario nchini Kanada zilizolazimika kuitumia, haukuona tofauti ya maana. Mimi naisoma historia hiyo hivi: orodha hukumbusha, haifundishi mikono. Inaweza kumkumbusha mkunga kuweka mfuko na barakoa karibu. Haiwezi kumpa uwezo wa kuibana barakoa usoni mwa mtoto hadi kifua kiinuke. Tena, hatua sahihi kituoni hazimsaidii mama anayehitaji upasuaji ikiwa gari la rufaa halina mafuta. Matokeo ya India hayapingi mazoezi. Yanapinga imani kwamba karatasi iliyobandikwa ukutani inatosha, na yanatukumbusha kwamba zahanati ni mlango tu wa nyumba kubwa zaidi.

La tatu ni uhaba. Mazoezi gani, mtu atauliza, kwa muuguzi mmoja mwenye wodi nzima? Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2025 kwamba dunia ina wauguzi milioni 29.8 na pengo la milioni 5.8. Uchunguzi wa wodi za watoto wachanga jijini Nairobi umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi za uuguzi zilizopaswa kufanywa katika zamu haifanywi. Utafiti wa Aiken nao uligundua kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huongeza uwezekano wa kifo kwa asilimia 7. Ninalikubali pingamizi hili kwa asilimia mia: hakuna zoezi litakalomgawa mtu mmoja awe wawili. Kenya na Tanzania zina wahitimu wa uuguzi wanaosubiri ajira huku wodi zikilia upungufu, na hilo ni kosa la bajeti ambalo elimu haiwezi kulifunika. Lakini uhaba hautupi ruhusa ya kungoja. Mtu aliye peke yake zamu ya usiku ndiye asiyeweza kumudu kusita, na mazoezi ya dakika tano ni katika mambo machache yanayoweza kuanza kabla ya kibali kipya cha ajira.

La nne linahusu uwajibikaji. Wapo wanaohofia kwamba kuzungumzia mifumo na mazoezi ni kumpa mzembe mahali pa kujificha. Hofu hiyo ina msingi. Anayekuja zamu amelewa, anayeuza dawa za umma, anayempiga mama kofi kwenye kitanda cha kujifungulia, hao wanastahili sheria, si semina. Lakini makosa mengi yanayoua si ya aina hiyo. Ni dozi iliyokosewa saa tisa usiku, dalili iliyopuuzwa kwa sababu ya foleni, rufaa iliyochelewa kwa matumaini kwamba hali itatulia. Anayeadhibiwa kwa kosa la namna hiyo hujifunza jambo moja tu, nalo ni kutoliandika tena. Vikao vya mapitio ya vifo vya akina mama na watoto wachanga vikigeuka mahakama, mafaili yatakuja yakiwa safi na vifo vitaendelea. Uwajibikaji wa kweli ni mpana kuliko kumwajibisha muuguzi: unamhusu pia msimamizi aliyejua kwamba kifaa kimeharibika, na mkuu aliyepanga zamu ya mtu mmoja.

Haya yote yanadai mabadiliko yasiyo makubwa mno. Usimamizi shirikishi, ambao tayari umo katika mipango ya halmashauri, ukome kuwa ziara ya kukagua rejista na kusaini kitabu cha wageni. Timu ya wilaya inapofika zahanati, nusu ya muda wake itumike kwa zoezi: mama anatoka damu, mtoto hapumui, mtoto mwenye homa ana degedege, tuonyesheni mnafanyaje. Kila kituo kinachozalisha kiwe na mdoli wake, usiofungiwa kabatini kungoja wageni. Mabaraza ya wauguzi na wakunga, yanapohuisha leseni, yahesabu mazoezi yaliyofanyika kazini kwa uzito usiopungua ule wa vyeti vya semina. Vyuo navyo vifuate wahitimu wao hadi zahanati katika mwaka wao wa kwanza wa kazi, kwa kuwa hapo ndipo kilichofundishwa ama huota mizizi ama hukauka.

Mwananchi naye ana nafasi. Nchini Tanzania zahanati na vituo vya afya vya umma vina kamati zenye wajumbe kutoka jamii, na vikao vyake mara nyingi huzungumzia uzio, paa na dawa zilizokwisha. Ni mambo ya lazima. Ila ukiwa mjumbe, au ukimjua aliye mjumbe, ongeza swali moja katika ajenda ya kikao kijacho: ni lini mara ya mwisho watumishi wetu walifanya mazoezi ya kumsaidia mtoto asiyepumua? Jibu likiwa ni la mwaka jana, zahanati hiyo bado si salama, hata kama kuta zake zimepakwa rangi jana.